Hiyo Nne Imetoka Wapi?



Mhariri aliponiomba niandike kitu kuhusu masomo yangu ya falsafa, nadhani alitegemea habari za Aristotle na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Aristotle atakuja, lakini baadaye kidogo. Naomba nianze na hisabati ya kidato cha nne: eneo la uso wa tufe na ujazo wake. Najua wapo ambao wakiona maneno hayo wanatamani kufunga ukurasa. Nawaomba mvumilie, kwa sababu ninachokiandika hapa ni kosa langu mwenyewe, na kosa hilo haliwezi kueleweka bila hesabu yake.

Nilimaliza kidato cha sita nikiwa na miaka 21. Nikiwa nasubiri kwenda nyumba ya malezi, paroko wetu kule Muheza aliniombea nafasi ya kujitolea katika shule moja ya sekondari. Walimu wa hisabati ni wachache, mnajua wenyewe, na mtu aliyefaulu somo hilo kidato cha sita huonekana mtaalamu hata kama hajawahi kusimama mbele ya darasa. Nilipewa kidato cha nne. Nilikuwa na chaki, kitabu kimoja, na ujasiri ambao leo nikiukumbuka unanitia aibu.

Siku tuliyofika kwenye tufe niliandika kanuni mbili ubaoni. Eneo la uso ni 4πr². Ujazo ni 4/3 πr³. Nikaeleza kwamba r ni nusukipenyo, nikatoa mfano mmoja wa mpira wenye nusukipenyo cha sentimita 7, maana 7 inakatana vizuri na 22/7, kisha nikawapa maswali matano. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo alivyofundishwa aliyenifundisha.

Kijana mmoja aliyekuwa anakaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, hiyo nne imetoka wapi? Na kwenye ujazo, kwa nini tunagawa kwa tatu?"

Sikujua. Nilikuwa nimeitumia kanuni hiyo kwa miaka, nimeifanyia mitihani miwili ya taifa, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza. Ningeweza kusema, "Sijui, nitakwenda kutafuta." Ni maneno matatu tu. Lakini shule ile ilikuwa na sheria kwamba darasani ni Kiingereza peke yake, na mimi nikajificha nyuma ya sheria hiyo. Nikamwambia aulize upya kwa Kiingereza. Akaanza, akakwama katikati, akaanza tena. Darasa likacheka. Nikamwambia abaki amesimama mpaka maneno yatakapompata.

Alisimama mpaka kengele ilipolia, zaidi ya dakika ishirini. Mimi niliendelea kuandika ubaoni, na kila nilipogeuka nilimkwepa kwa macho.

Hakuuliza tena swali kwa muda wote niliokaa pale. Wala wenzake hawakuuliza. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya walimu kwamba darasa langu lina utulivu.

Mwaka wa pili wa falsafa tulisoma mafundisho ya Aristotle juu ya uthibitisho. Anatofautisha mtu anayejua kwamba jambo liko hivi na mtu anayejua kwa nini liko hivi. Wanafalsafa wa Kilatini waliita ya kwanza quia na ya pili propter quid. Mfano anaoutoa ni wa vidonda. Ni kazi ya daktari, anasema, kujua kwamba kidonda cha mviringo huchelewa kupona. Kujua kwa nini ni kazi ya mwanajiometri. Mafrateri wenzangu walicheka, wakaanza kuulizana nani ana kidonda cha pembetatu. Mimi sikucheka. Nilimwona yule kijana amesimama karibu na dirisha. Nilikuwa nimelipwa sifa kwa kufundisha "kwamba", na aliyeuliza "kwa nini" nilimwadhibu.

Jioni ile nikaenda maktaba kumtafuta aliyegundua kanuni hizi. Ni Archimedes, mtu wa Sirakusa katika kisiwa cha Sicilia. Wasomaji wa Matendo ya Mitume mnaukumbuka mji huo: ndipo Mtume Paulo alipokaa siku tatu akiwa njiani kwenda Roma, na baadaye ndipo Mtakatifu Lusia alipouawa kwa ajili ya imani. Archimedes aliishi kabla ya hao wote. Aliuawa mwaka 212 KK, Warumi walipouteka mji. Kati ya mambo yote aliyoyagundua, alitaka juu ya kaburi lake uwekwe mchoro mmoja tu: tufe lililo ndani ya mcheduara. Mwaka 75 KK Cicero, akiwa afisa wa Roma huko Sicilia, alilitafuta kaburi hilo. Wenyeji walimwambia halipo. Akalikuta limefunikwa na miiba, na alilitambua kwa mchoro ule.

Tuuangalie mchoro wenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo nne ilimo. Chukua mpira, na kopo ambalo mpira unaingia sawasawa: haubaki nafasi pembeni, wala juu, wala chini. Karatasi inayozunguka ubavu wa kopo hilo ukiibandua inakuwa mstatili. Urefu wake ni mzingo wa kopo, yaani 2πr. Kimo chake ni kipenyo cha mpira, yaani 2r. Zidisha, unapata 4πr². Archimedes alithibitisha kwamba uso wa mpira una eneo lile lile la karatasi hiyo, bila kupungua wala kuzidi. Sababu yake inapendeza. Ukikata mpira na kopo pamoja, kwa ulalo, kuwa vipande vyembamba vyenye kimo sawa, kipande cha mpira cha karibu na kilele kina mzunguko mdogo kuliko cha kopo, lakini kwa kuwa pale mpira umeinama, ngozi yake katika kipande kile ni pana zaidi. Kinachopotea kwenye mzunguko kinarudi kwenye mwinamo, kwa kiasi kile kile, kila mahali, kuanzia juu mpaka chini. Na kwa kuwa duara lenye nusukipenyo r lina eneo la πr², uso wa mpira ni sawa na maduara manne kama hayo. Hiyo ndiyo nne.

Tatu nayo? Fikiria mpira wa miguu ulioshonwa kwa viraka. Kutoka kila kona ya kiraka piga mstari mpaka katikati kabisa ya mpira. Kila kiraka sasa ni kitako cha piramidi, na ncha za piramidi zote zinakutana katikati. Ujazo wa piramidi ni theluthi ya kitako mara kimo. Anayetilia shaka achukue mchemraba, unagawanyika kuwa piramidi tatu zilizo sawa. Kimo cha kila piramidi hapa ni r, ilimradi viraka viwe vidogo sana. Zijumlishe zote: theluthi ya uso mzima, mara r. Uso mzima ni maduara manne. Kwa hiyo 4/3 πr³. Nne ni ya ngozi, tatu ni ya piramidi. Jibu lenyewe lingechukua dakika tano ubaoni, kwa maneno ambayo yule kijana alikuwa ameyajua tangu shule ya msingi: duara, kitako, kimo, theluthi.

Katika maktaba ile nilikutana na jambo jingine ambalo bado linanisumbua. Archimedes aliandika kitabu akieleza siri ya namna alivyokuwa akigundua mambo; alikuwa akiyapima maumbo kwa mawazo, kana kwamba ameyatundika kwenye mizani, na kwa njia hiyo aliupata ujazo wa tufe kwanza ndipo akaufikia uso. Nakala pekee ya kitabu hicho tuliyo nayo iliandikwa katika karne ya 10 juu ya ngozi. Mwaka 1229 ngozi hiyo ilikwanguliwa, ikakunjwa, na juu yake pakaandikwa kitabu cha sala. Kwa karne nyingi watu walisali kutoka katika kurasa zile bila kujua kilicho chini. Mwaka 1906 msomi wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, aliuona muswada huo Konstantinopoli na akaweza kusoma sehemu kubwa ya maandishi yaliyofutika.

Nimebishana na wenzangu bwenini juu ya kisa hiki. Mmoja anasema sala zilimwangamiza Archimedes. Mwingine anasema zilimwokoa, kwa sababu ngozi isiyokuwa na sala ingetupwa au ingeliwa na panya. Nadhani wote wawili wana haki. Lakini ninapowaza habari hiyo simfikirii sana mwandishi wa 1229, ambaye ngozi ilikuwa ghali na huenda hakujua anachokifuta. Najifikiria mimi, ambaye nilikuwa na swali la mtu mzima mbele yangu, likiwa bado bichi, nikalikwangua ili niandike kanuni juu yake.

Sikuridhika na kusoma. Niliomba mpira wa plastiki uliopasuka, nikaukata katikati. Nikakunja manila kuwa mcheduara wenye upana na kimo cha mpira ule. Kisha nikaenda jikoni kuomba mchele. Sista msimamizi wa jiko aliuliza kama chakula cha mchana hakikunitosha. Nilipomweleza akanipa, akaja kutazama. Nusu ya kwanza ya mpira iliyojaa mchele, nikaimimina. Ya pili. Ya tatu ilifika ukingoni mwa manila, zikamwagika punje chache tu. Maana yake nusu tufe ni theluthi moja ya mcheduara, na tufe zima ni theluthi mbili, kama ilivyokuwa juu ya kaburi la Sirakusa. Sista akasema, "Sasa urudishe mchele wangu wote, na huo wa chini pia."

Habari za yule kijana nilimweleza padre wangu wa kiroho. Nilitegemea atazungumzia unyenyekevu. Aliuliza swali moja: "Kijana huyo yuko wapi sasa?" Nikasema nasikia yuko Muheza. Akanyamaza, na mimi nikaelewa likizo yangu itaanzia wapi.

Ilikuwa msimu wa machungwa. Nilimkuta kando ya barabara, penye kibanda cha kupakia, anachambua machungwa na kuyapanga kwenye matenga. Tumepishana miaka michache tu, lakini aliponiona aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kukuona wewe."

Akashtuka. "Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba. Nikamweleza kilichonileta: kwamba siku ile sikuwa na jibu, kwamba Kiingereza kilikuwa kisingizio, kwamba nilimsimamisha ili mimi nisionekane. Nikamwomba msamaha. Aliendelea kugeuza chungwa mkononi kwa muda.

"Kusimama nakumbuka," akasema. "Nilikuwa nimetoka nyumbani bila chai, miguu ilikuwa inatetemeka nikaogopa nitaanguka wacheke zaidi. Lakini nilikuwa nimeuliza nini vile?"

Hilo sikulitegemea. Miaka yote hiyo nilikuwa nimelibeba swali lake, na yeye alikuwa amebaki na aibu tu. Nikamkumbusha swali. Akatabasamu kidogo.

"Ehe. Sasa hiyo nne imetoka wapi?"

Tukachagua machungwa mawili yanayolingana. Moja tukalikata katikati, tukalilaza juu ya boksi, akachora kulizunguka kwa kalamu, mara nne. La pili akalimenya, naye ni fundi wa kumenya, akawa anabandika vipande vya ganda ndani ya maduara. La kwanza likajaa, la pili, la tatu. La nne likabaki na upenyo mwembamba kama mwezi mwandamo. Wapakiaji wawili waliokuwa wamesogea wakaanza kubishana. Yeye akasema ni ganda alilotupa pale juu kwenye kikonyo. Akalitafuta chini, akalipata, akalibandika. Nikamweleza za piramidi kwa chungwa lile lile.

Kisha akauliza jambo ambalo halikuwa katika maandalizi yangu. Mnunuzi aliyekuwa anampakilia alinunua kwa kuhesabu: chungwa dogo na kubwa bei moja. "Hili na hili," akasema, akiwa ameshika mawili, "tofauti yake ni kiasi gani?" Tukapima kwa uzi na rula. Moja lilizungukwa na sentimita 25, jingine 19. Vipenyo vyake, kwa kukadiria, 8 na 6. Kwa macho unaona tofauti ndogo. Lakini ujazo unakwenda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo: 512 kwa 216, zaidi ya mara mbili. Ondoa ganda la nusu sentimita kila upande, nyama ya ndani inabaki na vipenyo 7 na 5, yaani 343 kwa 125. Chungwa kubwa lina nyama karibu mara mbili na robo tatu ya lile dogo.

Wale wapakiaji wakanyamaza. Mmoja akasema, "Kwa hiyo mzee wangu amekuwa akigawa bure." Yule kijana hakusema kitu. Alichukua tenga tupu akaanza kuweka makubwa peke yake. Sijui mnunuzi alisema nini kesho yake, maana nilikuwa nimeahidi kuwa kigangoni kwa ajili ya semina ya watoto wa Kipaimara.

Wakati naaga alinisindikiza mpaka barabarani, chungwa bado liko mkononi. Akaniita Frateri kwa mara ya kwanza.

"Lakini Frateri, chungwa siyo tufe kamili. Angalia, limebonyea juu na chini. Kwa umbo kama hili kanuni ni ipi?"

"Sijui," nikasema. "Nitakwenda kutafuta."

"Basi utaniambia. Msimu ukifika mimi niko hapa."

Nimerudi maktaba. Kumbe Archimedes aliandika kitabu kuhusu maumbo ya namna hiyo pia. Ni kigumu kuliko kile cha kwanza, na bado sijakimaliza. Likizo inaanza Juni.